Kubadilisha mota ya kioo cha mlango nyumbani: Toyota za kila siku

Kioo kimeshuka, hakipandi, na mawingu yanakusanyika. Hapo ndipo maswali yale yale huanza: ninunue mota gani, mlango unafunguliwa kuanzia wapi, na mbona nimeshabadilisha mota lakini kioo bado kimegoma? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Umeandikwa kwa kufuata Toyota zilizojaa barabarani kwetu, yaani Corolla, Premio, Allion, Probox, IST na nyingine za ukoo huo. Gari lako likiwa la kampuni nyingine, skrubu zitahama mahali lakini utaratibu ni ule ule.

Kabla ya yote, fahamu kwamba mota ya kioo mara nyingi huuawa na kitu kingine. Raba za kioo zikikauka, mota inasukuma mzigo mara mbili kila siku hadi kaboni zake, yaani vipande vinavyopeleka umeme ndani yake, zinaisha. Tundu za maji chini ya mlango zikiziba, maji yanatuama humo ndani na kutu inaanza. Ukifunga mota mpya bila kushughulikia kilichoiua ya kwanza, utaufungua mlango huo tena.

Hakikisha kwanza kwamba ni mota

Mota nyingi zinazotupwa ni nzima kabisa. Tenga dakika 15 za kupima kabla hujatoa pesa.

Vioo vyote vikigoma kwa pamoja, achana na mota. Angalia fyuzi au kikata umeme cha vioo. Kwenye Toyota nyingi kimeandikwa POWER na ni cha ampea 30. Magari mapya zaidi yana fyuzi ya kila mlango peke yake, kwa hiyo soma mchoro ulio kwenye kifuniko cha boksi la fyuzi.

Kikigoma kioo cha abiria tu, hakikisha kwanza kitufe cha kufunga vioo kilicho upande wa dereva hakijabonyezwa. Ni jambo dogo lakini limewafungulisha watu milango bure. Kisha jaribu kioo hicho hicho kwa swichi ya dereva, halafu kwa swichi ya mlango wake. Kikifanya kazi kwa swichi moja na kugoma kwa nyingine, mota ni nzima. Kumbuka pia kwamba umeme wa swichi ya abiria unapitia swichi kuu ya dereva, hivyo swichi kuu iliyochoka inaweza kukiua kioo cha abiria hata ukibonyeza mlangoni kwake.

Fungua mlango nusu, shikilia swichi, huku ukiufungua na kuufunga polepole. Kioo kikishtuka kidogo, kuna waya uliokatika ndani ya mpira mweusi unaoingia mlangoni kutoka kwenye nguzo. Mlango wa dereva ndio unaosumbuliwa zaidi na hili kwa sababu ndio unaofunguliwa mara nyingi kuliko mingine.

Mwisho, sikiliza. Mota inayovuma bila kioo kusogea ina meno yaliyolika, au mkono wa mashine inayoinua kioo umechomoka. Kioo kinachopanda ukiupiga mlango kwa ngumi huku umeshika swichi kina mota yenye kaboni zilizoisha. Kioo kinachofanya kazi asubuhi, kikagoma baada ya kupandishwa na kushushwa mara kadhaa, kisha kikafufuka baada ya dakika chache kimezidiwa na joto: ndani ya mota kuna kinga inayokata umeme ikipata moto. Hapo shaka ya kwanza iwe raba kavu, mota ifuate.

Kipimo cha kukata shauri kiko kwenye hatua ya 5, mlango ukiwa wazi.

Vifaa vya kuandaa

- Soketi namba 10 na kirefushio chake. Kazi nyingi ni ya namba hii.
- Bisibisi ya nyota ya kati, na bisibisi ndogo bapa uliyoizungushia kitambaa.
- Biti za Torx (nyota ya ncha sita) T25 na T30. Mota nyingi zimefungwa kwa skrubu hizi, na ukilazimisha kwa bisibisi bapa vichwa vitalika.
- Kibanio cha plastiki cha kung'olea klipu. Ukikosa, tumia kijiti bapa cha mti mgumu.
- Tepu pana yenye nguvu, ya kushikilia kioo.
- Balbu ya indiketa ya wati 21 iliyounganishwa nyaya mbili, pamoja na mita ya umeme kama unayo.
- Vipande viwili vya waya vya kutosha kufika kwenye betri, kimoja kikiwa na fyuzi ya ampea 20.
- Klampu, au boliti ya milimita 6 na nati yake.
- Grisi nyeupe ya lithiamu, silikoni ya kupulizia, glavu nene na tochi.
- Klipu 5 za akiba. Za zamani zinavunjika hata ukiwa na mkono mwepesi.

Mara ya kwanza tenga saa 3. Egesha kivulini, pasipo upepo wa vumbi.

Kununua mota sahihi

Mota ya kulia haitumiki kushoto. Kwenye namba za Toyota, 85710 mwanzoni ni mota ya upande wa kulia na 85720 ni ya kushoto. Mashine yenyewe, yaani mikono ya chuma inayokibeba kioo, huanza na 69801 kwa mlango wa mbele kulia, 69802 mbele kushoto, 69803 nyuma kulia na 69804 nyuma kushoto. Kulia na kushoto hapa ni kwa mtu aliyekaa garini akitazama mbele.

Ukienda Gerezani (Dar es Salaam) au Kirinyaga Road (Nairobi) kutafuta iliyotumika kutoka Japani, beba ya zamani mkononi. Linganisha vitu vinne: idadi ya meno ya gia, nafasi ya tundu za skrubu, umbo la plagi, na idadi ya pini ndani ya plagi. Mota ya abiria kwa kawaida ina pini 2. Ya dereva yenye kupanda yenyewe kwa mguso mmoja inaweza kuwa na pini zaidi, kwa sababu ndani yake kuna kihisi kinachojua kioo kilipofika. Usichanganye hizo mbili hata kama zinaingiana kwa skrubu.

Omba ijaribiwe kwa betri pale pale dukani. Inatakiwa izunguke pande zote mbili kwa sauti moja isiyokwaruza.

Milango mingine haina mikono inayokunjana kama mkasi, ina kebo nyembamba inayozunguka kwenye pipa la plastiki. Kwa milango hiyo, nunua mashine nzima pamoja na mota yake. Ukiitenganisha mota na pipa, kebo inafumuka, na kuirudisha ikiwa na mkazo wake ni kazi ya kupotezea siku.

Hatari mbili zinazoumiza watu

Ya kwanza ni springi. Mashine nyingi za mkasi zina springi bapa iliyojiviringisha kama konokono, na kazi yake ni kuisaidia mota kuinua kioo. Mota ndiyo inayoizuia. Ukiitoa mota kabla ya kuifunga mikono, ule mkono wenye meno unafyatuka kwa kasi na kupita pale pale vidole vyako vilipo. Hatua ya 8 inaeleza namna ya kuudhibiti. Usiiruke.

Ya pili ni kioo. Kikishafunguliwa boliti hakina kinachokishika isipokuwa raba. Kikiteleza kinashuka na kupasuka, au kinakukata kifundo cha mkono ukiwa umeuingiza ndani ya mlango.

Hatua za kazi

1. Shusha kioo hadi kibaki wazi kiasi cha robo tatu, kama mota bado ina uhai. Hapo ndipo boliti za kioo hukaribia tundu za kazi kwenye bati la ndani. Magari hutofautiana, kwa hiyo utarekebisha baadaye. Kisha zima gari na utoe waya wa hasi wa betri. Gari lenye mifuko ya hewa lisubirishe sekunde 90 kabla ya kugusa chochote.

2. Tafuta skrubu za kava la mlango. Moja iko nyuma ya kitasa cha ndani, chini ya kifuniko kidogo cha plastiki. Nyingine, moja au mbili, ziko ndani ya kishikio cha kuvutia mlango. Ng'oa kwa juu paneli ya swichi na uchomoe plagi yake kwa kubonyeza ulimi wake, usivute nyaya. Kama kuna pembetatu ya plastiki kwenye kona ya kioo cha pembeni, itoe pia. Piga picha kila hatua kwa simu.

3. Ng'oa kava. Anzia kona ya chini, ingiza kibanio karibu kabisa na klipu, na uvute kwa mkupuo mmoja mfupi. Zunguka chini na pembeni. Juu hakuna klipu: kava limening'inia kwenye ukingo wa kioo, kwa hiyo linyanyue. Kosa la kawaida hapa ni kulivuta kwa nguvu wakati skrubu moja bado imeshika, na kava linapasuka kwenye kishikio. Likigoma mahali pamoja, acha kuvuta, tafuta skrubu. Likitoka, usiliache lining'inie kwenye kebo za kitasa. Zichomoe kwanza kwenye vibanio vyake.

4. Bandua nailoni. Imegandishwa kwa gundi nyeusi kama ubani uliotafunwa. Ivute polepole, gundi ibaki upande mmoja, na usiiguse kwa vidole vyenye grisi au vumbi. Wengi huichana na kuitupa wakidhani ni ya kuzuia vumbi dukani. Hiyo ndiyo inayozuia maji ya mvua yasiingie kwenye kava, spika na zulia. Kila mvua inayonyesha inaingiza maji ndani ya mlango. Nailoni inayarudisha yatokee chini.

5. Pima sasa. Rudisha waya wa betri, unganisha tena plagi ya swichi, chomoa plagi ya mota, na uweke balbu ya wati 21 kati ya nyaya mbili za mota. Weka ufunguo ON na ubonyeze swichi kupanda, kisha kushuka. Balbu ikiwaka kwa nguvu pande zote mbili, umeme unafika na mota ndiyo mbovu. Isipowaka, au ikiwaka kama kaa la moto linalozimika, tatizo liko kwenye swichi au waya, na mota yako huenda ni nzima. Balbu ni bora kuliko mita katika hili: waya uliobakiwa na uzi mmoja utaionyesha mita volti 12 safi, lakini hauwezi kubeba mzigo. Kwa mota yenye pini zaidi ya 2, usipime kwa namna hii wala usiipe betri moja kwa moja bila mchoro wa nyaya zake, utaunguza kihisi.

6. Kisogeze kioo mahali pake. Boliti 2 za kioo zionekane kwenye tundu. Mota yenye pini 2 ikigoma, ipe umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia zile nyaya zako, huku ukiigonga polepole kwa mpini wa bisibisi. Kaboni zilizoisha huamka kwa sekunde chache, na sekunde hizo zinatosha. Ukitaka kubadili mwelekeo, geuza nyaya. Ikikataa kabisa, mwambie mtu akishike kioo kwa viganja viwili, legeza skrubu za mota, bila kuzitoa, kupitia tundu ukiwa na glavu huku mashine ikiwa bado imefungwa mlangoni, kisha kisogezeni kioo kwa mkono.

7. Fungua kioo na ukifunge kwa tepu. Toa boliti 2 za namba 10, kinyanyue kioo hadi juu kabisa, na upitishe tepu kutoka upande wa ndani, juu ya fremu, hadi nje. Weka mistari mitatu, kila mmoja ushuke kiasi cha kiganja pande zote. Futa vumbi kwanza, la sivyo tepu itaachia katikati ya kazi. Toa tena waya wa betri.

8. Toa mashine. Chomoa plagi ya mota. Utaona boliti za namba 10, kwa kawaida kati ya 4 na 6. Moja yake ilegeze tu, usiitoe: tundu lake lina umbo la tundu la ufunguo, na mashine inaning'inia hapo wakati unatoa nyingine. Ukimaliza, inyanyue itoke kwenye boliti hiyo, ikunje mikono yake, na uitoe kwa kuizungusha kwenye tundu kubwa la mlango. Ilaze juu ya meza. Kabla ya kugusa skrubu ya mota, ufunge mkono wenye meno kwenye bati la mashine kwa klampu, au pitisha ile boliti ya milimita 6 kwenye tundu linalopita vyote viwili. Utikise kwa bisibisi. Ukicheza hata kidogo, kaza upya.

9. Badilisha mota. Fungua skrubu 3. Futa grisi ya zamani kwenye meno, kwa kawaida imekuwa nyeusi na ina mchanga. Kagua meno ya ule mkono: yakiwa yameliwa katikati, mota mpya itaruka pale pale, kwa hiyo tafuta mashine nzima. Paka grisi mpya kwenye meno, kwenye viungo na kwenye vigurudumu vya plastiki. Weka mota, meno yaingiane, anza skrubu zote 3 kwa vidole, kisha kaza kidogo kidogo kwa zamu. Skrubu hizi zinaingia kwenye aluminiamu laini, kwa hiyo kaza kwa mkono mmoja tu. Ndipo utoe klampu.

10. Safisha kabla ya kurudisha. Hii ndiyo hatua inayookoa mota mpya. Zungushia kitambaa chenye maji ya sabuni kwenye rula na uipitishe ndani ya mifereji ya raba, mbele na nyuma, hadi kitambaa kitoke cheupe. Ikikauka, pulizia silikoni. Usitumie grisi, dizeli wala oili chafu: raba inavimba, vumbi linaganda, na baada ya miezi michache kioo ni kizito kuliko kilivyokuwa. Kisha chokoa tundu za maji chini ya mlango kwa waya. Majani na udongo vikitoka, umeshajua maji yalikuwa yanatuama wapi.

11. Rudisha mashine na kioo. Itundike kwenye ile boliti uliyoilegeza, weka nyingine zote, kaza. Nguvu ya kutosha ni takriban 8 Nm, yaani kaza na soketi ya mpini mfupi bila kuegemea mwili. Kishushe kioo taratibu, boliti 2 ziingie lakini usizikaze hadi mwisho. Unganisha plagi ya mota, rudisha betri, pandisha kioo hadi juu ili kijipange chenyewe kwenye raba, kisha kishushe tena usawa wa tundu na ukaze. Ukizikaza kabla ya hapo, kioo kitasimama kimeinama na kusugua upande mmoja.

12. Jaribu, kisha funga. Pandisha na kushusha mara 3, si zaidi, mota ipate kupoa. Kioo kizima cha mlango wa mbele hupanda kwa sekunde 3 hadi 5. Bandika nailoni ukianzia juu, ukingo wake wa chini uingie ndani ya mlango ili maji yatiririke humo. Nyaya za mota zibanwe kwenye vibanio vyake, mbali na njia ya kioo. Rudisha kebo za kitasa na ujaribu kitasa *kabla* ya kugonga kava; vinginevyo unaweza kujifungia mlango usiofunguka kwa ndani.

Kuifundisha mota ya mguso mmoja

Kwa mota yenye kihisi, betri ikitolewa au mota ikibadilishwa, kioo hakipandi chenyewe, na taa ya swichi inaweza kupepesa. Washa ufunguo ON, shusha kioo hadi nusu, vuta swichi hadi mwisho na uendelee kuishikilia hata baada ya kioo kufika juu. Baadhi ya magari yanatosheka na sekunde 1, mengine yanataka zaidi ya 10. Taa ikiacha kupepesa, achia na ujaribu. Ikigoma, rudia kwa kushikilia muda mrefu zaidi.

Mambo yakienda kombo

*Ukibonyeza kupanda, kioo kinashuka.* Hilo hutokea mota yenye plagi tofauti ilipounganishwa kwa kukata waya. Badilisha nyaya mbili. Kama hukukata waya wowote, umefunga mota ya upande mwingine.

*Kinapanda kwa shida, kinashuka vizuri.* Rudi hatua ya 10, na uangalie kama springi imekaa kwenye ndoano yake. Pima pia betri: gari likiwa limezimwa, chini ya volti 12 hakuna kioo kitakachopanda kwa kasi.

*Kinapinda na kuachia kona moja.* Kigurudumu kimechomoka kwenye reli, au boliti za kioo zilikazwa kabla hakijajipanga. Legeza, pandisha, kaza upya.

*Kuna mlio wa kugonga kila kinapofika chini.* Mara nyingi ni skrubu au klipu iliyodondokea ndani ya mlango. Itoe kwa sumaku, kwa kuwa inaweza kukwama kwenye meno.

*Zulia limelowa baada ya mvua.* Nailoni haikushika. Gundi ya zamani ikiwa imekauka, ongeza uzi mpya wa gundi ya butili pande zote. Tepu ya kawaida itabanduka joto la kwanza likipiga.

*Fyuzi inakatika mara tu unapobonyeza.* Waya umebanwa chini ya kava au umetobolewa na skrubu. Usiweke fyuzi kubwa zaidi, waya ndio utakaoungua. Fungua kava ufuate waya kwa vidole kutoka kwenye mota hadi kwenye swichi.

*Kinafika juu kisha kinarudi chini chenyewe.* Kinga ya vidole inadhani kuna kitu kimebanwa. Ifundishe mota upya. Kikirudia, angalia raba ya juu ya fremu: ikijikunja hata kidogo kwenye kona, kioo kinaigonga kila safari, na mota inafanya kile ilichotengenezwa kufanya.